Mwaka Tulionyimwa Moto

Masunga amekufa, na jina hakulipata. Nimetoka kumzika. Nilipeleka gunia la mchele na kreti za soda, nikakaa na wanawake jikoni nikipeta mchele kama mtu yeyote, na sikuwa nimemaliza ungo wa kwanza nikasikia bibi mmoja asiye na meno anamwambia mwenzake, "Aliyesema alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, mimi nilijua tangu siku ile." Mwenzake akabisha: "Wa fundi baiskeli gani, yule aliyekuwa anajificha hata akiona kuku? Alikuwa wa kule bondeni, kwa wale wenye mbuzi." Wakabishana, moshi unawaingia machoni, mpaka mmoja akakumbuka kwamba nimekaa pale pale. Wakanitazama. Nikawauliza chumvi iko wapi. Nikapewa chumvi. Waliokuwa watoto mwaka ule sasa wana wajukuu, na bado watu wanataka kujua, kama vile kuna ng'ombe wa kurudishwa.

Mimi ni Minza. Nina nyumba ya wageni Bariadi, upande wa Somanda, ina maji ya moto na televisheni kila chumba, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Shule niliishia darasa la tatu. Habari za nani alinizaa na kwa nini nililelewa na bibi zikae zilipo, hazimsaidii mtu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu. Nimesukumwa na msiba wa Masunga, na nimesukumwa pia na vijana wanaolala kwangu siku hizi, wenye vishikwambi, wanaokuja kufanya utafiti wa maisha ya watoto. Ni vijana wazuri, wanalipa, hawaibi taulo. Lakini asubuhi moja nikiwa nawamiminia chai, mmoja alimwambia mwenzake, "Hiyo ahadi ya siri ni taratibu tu, wanasaini tunaendelea." Niliendelea kummiminia mpaka chai ikajaa sahani. Akasema, "Mama, imetosha." Nikamwambia, "Naona."

Wakati ule Simiyu haikuwa mkoa, tulihesabiwa Shinyanga, na kijiji chetu kilikuwa upande wa Zagayu. Jina lake naliacha. Pamba ilikuwa imepasuka vizuri. Ikaja Land Rover yenye vumbi mpaka juu ya paa, ikamshusha mwanamke mfupi wa Dar es Salaam, mwenye miwani, anaitwa Stella. Alisimama mbele ya wanaume akasema wao wanazunguka, na wenzao wanazunguka nchi nyingine nyingi za dunia, wakiwauliza watoto wenyewe wanaishije: wanafanya kazi gani, wanakula nini, nani anawapiga, wakiumwa nani anawatazama. Majibu yanakusanywa ili wakubwa wanaotunga sheria za watoto wawasikie watoto kwanza. Wanaume walitazamana. Masunga ndiye aliyekuwa kamanda wa sungusungu, jeshi letu la jadi la kulinda mifugo, na ndiye aliyekuwa na shamba kubwa la pamba kuliko wote. Alicheka mpaka akashika magoti. "Mwataka kuwahoji watoto," alisema. "Sisi tupo hapa tumekaa. Mtoto ni mtu?" Watu wakacheka naye. Stella naye akacheka kidogo, akasema ndiyo, anataka watoto. Akaruhusiwa, kwa sababu hakuna aliyeona hatari. Kama angetaka kuhoji wachungaji wa Masunga, angefukuzwa jioni hiyo hiyo.

Stella hakujua Kisukuma hata cha kuombea maji. Watoto aliopewa awahoji, wa darasa la tatu, hawakujua Kiswahili cha kujieleza, walijua cha kuimba tu. Akatafutwa mtu wa kukaa katikati, nikapatikana mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeosha vyombo kwenye hoteli moja Maswa, na Kiswahili nilikiokota huko pamoja na makombo. Tulikaa chumba cha nyuma cha godauni la pamba. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba niliyozaliwa. Magunia yamepangwa mpaka juu, harufu ya mbegu inakaa kooni kama mafuta yaliyochacha, dirisha moja dogo lenye nondo. Stella alikataa kiti. Alikaa juu ya gunia, mtoto juu ya gunia, mimi juu ya gunia, mlango umefungwa, na dereva yuko mbali nje anafukuza wenye masikio marefu. Kabla ya swali lolote alisema maneno yale yale kwa kila mtoto: ukitaka kujibu jibu, usipotaka acha, hakuna atakayekukasirikia, na utakachosema hapa hakitatoka na jina lako. Nami nikayageuza Kisukuma. Hapa ndipo watu wananiona mkaidi mpaka leo, kwa sababu hawafikirii. Mtoto hakumsikia Stella. Kiswahili cha Stella kilimpita kama mlio wa kanga porini. Sauti aliyoisikia ikimwahidi ni yangu, mtu anayemjua, mjukuu wa bibi anayemuuzia karanga. Stella alikuwa na ahadi ya kazi yake. Mimi nilikuwa na ya mdomo wangu.

Nitamwita mtoto yule Kabula. Si jina lake. Na kama alikuwa wa kike au wa kiume, hilo nalo nimelichagua mimi, msijisumbue. Alikuja na vumbi la chaki magotini, akakaa, akaanza kuchomoa nyuzi za gunia. Stella akauliza nyumbani anafanya kazi gani. Maji, kuni, kuchunga ndama. Na shuleni? Akachomoa uzi mrefu, akauzungusha kidoleni mpaka ncha ikawa nyeusi.

"Shuleni tunapuliza dawa," akasema.

"Dawa gani?"

"Ya pamba. Kwa Masunga. Mwalimu mkuu anatuchagua wadogo, anasema mtoto anapita kwenye mistari bila kuvunja matawi. Bomba ni zito. Upepo ukigeuka unaila."

Nikatafsiri. Stella akauliza kama kuna aliyewahi kuumwa. Kabula akanitazama mimi, si Stella. "Njile alianguka," akasema. "Alitoka povu, macho yakapinduka. Masunga akamvuta mpaka zizini, akakamua ng'ombe, akamnywesha maziwa yale yale ya moto. Njile akatapika, akaamka. Masunga akatuambia tukiulizwa tuseme amekula kibudu."

Stella akaniuliza, "Amesema nini?" Kijiji kizima kilijua Njile alikula nyama ya ng'ombe aliyejifia. Mama yake alikuwa amempeleka kwa mganga, akachanjwa kifuani, na mikono ya yule mtoto bado ilikuwa inatetemeka akishika kikombe. Nilitafsiri yote, hata povu. Stella akaweka kalamu chini, akamuuliza Kabula kama anataka hilo liachwe lisiandikwe. Kabula akafikiri kama mtu mzima anayefikiria kuuza fahali.

"Andika," akasema. "Ila mimi sikuwepo."

Stella aliondoka na Land Rover yake, na kwa muda hakukuwa na kitu. Tulivuna, tukapima pamba, Masunga alinunua baiskeli mpya. Kisha likaja gari la serikali lenye maofisa na askari, watu wakaitwa ofisi ya kijiji, na ofisa mmoja akasimama akasoma. Akasoma kwamba wanafunzi wanapuliza sumu kwenye shamba la mtu. Angeishia hapo tungelala salama, kwa sababu watoto kwenye mistari kila mpita njia aliwaona. Lakini alisoma mpaka maziwa. Alisoma kwamba mtoto mmoja alianguka akanyweshwa maziwa, akafundishwa uongo. Jina hakulitaja, hakuwa nalo. Lakini nilimwona Masunga anageuza kichwa polepole, anaacha kumtazama ofisa, anaanza kututazama sisi, mmoja mmoja. Maziwa yale yalikamuliwa zizini kwake, na waliokuwa zizini ni watoto tu. Walimpakia wakamlaza ndani Bariadi. Mwalimu mkuu akahamishwa. Mabomba yakakusanywa. Mama yake Njile alikaa chini pale pale kwenye vumbi akawa anajipiga mapaja kwa viganja.

Masunga aliporudi alinyoa kichwa, akachinja mbuzi, akaitisha dagashida, lile baraza la wanaume wote wa kijiji ambalo likitoa neno hata mwenyekiti wa serikali anasikiliza kwa adabu. Mwanamke haitwi pale isipokuwa ameshtakiwa. Niliitwa. Ilikuwa mchana, jua la utosi, wanaume wameketi na marungu na pinde zao, na mimi nimepigishwa magoti katikati. Masunga hakupiga kelele. Mtu akipiga kelele unajua pa kumshika.

"Mayu," aliniita, yaani mama, kama naitwa na mwanangu, "ndani ya godauni mlikuwa watatu. Mmoja ameshakwenda kwao Dar es Salaam. Mmoja ni mtoto, sitaki kumdhuru. Nataka baba yake aje hapa alipe ng'ombe mmoja, tule, yaishe. Taja."

"Sitaji."

"Umesahau?"

Hapo alikuwa ananipa mlango. Wanaume kadhaa waliinamisha vichwa, walitaka niutumie ule mlango, niseme nimesahau, watoto walikuwa wengi, twende tukanywe. Lakini mimi ndivyo nilivyo. "Sijasahau," nikasema. "Namjua na baba yake namjua. Nakataa."

Mzee mmoja akanong'ona kwa mwenzake, lakini nilimsikia: "Huyu angezaliwa mwanamume angetusumbua sana." Mwenzake akajibu, "Kwani sasa anafanya nini?" Waliosikia wakacheka, Masunga akasubiri kicheko kiishe. Akasimama, akatamka hukumu, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye yaligeuka kuwa na shimo. Alisema: kuanzia leo, mwanamume yeyote na mwanamke yeyote wa kijiji hiki asimpe Minza na nyumba ya bibi yake moto, maji, chumvi wala salamu. Asiwasagie. Asiwauzie. Akifa mtu wao, asiwazikie. Atakayevunja alipe ng'ombe. Mpaka ataje.

Watu wa mjini nikiwaeleza kutengwa wanafikiri ni kununiwa. Kununiwa naweza, nimenuniwa na watu wengi na nyumba ya wageni imesimama. Kutengwa ni kingine. Unamsalimia mtu, "Mwangaluka," anakupita kama anapita kisiki. Unafika kwenye mashine ya kusaga, injini inazimwa. Dukani kiberiti kimeisha, na unakiona nyuma ya kichwa chake. Tulisaga mtama kwa jiwe, tukala michembe na nsansa, viazi na majani ya kunde yaliyokaushwa, chakula cha miezi ya njaa, tukiwa na mavuno ndani. Kisimani nilisubiri wote wachote kwanza. Siku moja nilikuwa nimesimama hivyo nikasikia wanawake wawili wananizungumza kama sipo. "Anajiona mzungu," mmoja alisema, "anatunza siri ya mtoto, mtoto ana siri gani." Mwingine akasema, "Angekuwa ametaja wangu, ningempiga huyo mtoto mimi mwenyewe kabla Masunga hajafika." Kisha akamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo yake mbele ya miguu yangu, nisije nikayaokota. Huyo wa pili alikuwa mama yake Kabula. Nilimtazama mgongo wake ukipanda kilima na ndoo kichwani. Ningeweza kuumaliza mwaka ule kwa neno moja, na mtu wa kwanza kulia angekuwa yeye.

Watu wananiuliza tuliishije bila moto. Tuliletewa na watoto. Asubuhi wakienda shule mmoja alipita na kigae chenye kaa la moto, akakiweka mlangoni, akasema, "Mwangaluka, mayu," akakimbia. Kesho yake mwingine. Hawakutumwa na mtu. Hukumu ilisema mwanamume na mwanamke. Watoto hawakuapishwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kutoa kitu au kukinyima. Mzee mmoja akapeleka habari kwa Masunga kwamba watoto wanampa Minza moto, tufanyeje? Masunga, kwa kiburi, akajibu mbele za watu lile neno lake la zamani: "Mtoto ni mtu? Unataka niwatoze ng'ombe watoto?" Kwa jibu hilo alijifunga, na hakujua. Neno la kamanda likishatoka mbele za watu halimezwi tena.

Bibi yangu hakuwa shujaa, na sitamgeuza shujaa kwa sababu amekufa. Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu kabla, na kutengwa kulimkausha. Hakujali chumvi wala salamu. Alisema watu wa kijiji kile salamu zao hazikuwa tamu hata zamani. Alichojali ni kaburi. "Taja," aliniambia kila nilipomletea uji. "Wewe bado kijana, utakwenda zako Maswa. Mimi nakufa mwaka huu. Nani atanichimbia, fisi?"

"Nitachimba mimi."

"Kwa mikono hiyo? Kaburi la mwanamke mmoja kuchimba mwanamke mmoja, utanichimbia la kuku. Nitalala nimekunja magoti. Taja, mjukuu wangu. Mimi nataka kuzikwa."

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Mtu asikudanganye kwamba ukishika neno moyo unakuwa mwepesi. Nilimchukia Stella siku zile. Nilimchukia Kabula pia, Mungu anajua, kila nilipomsikia bibi anakohoa.

Kisha ikawa zamu ya Kabula kuleta moto. Hakukimbia kama wenzake. Alisimama mlangoni, kigae kinamchoma, anakihamisha mkono huu na ule. "Mayu Minza," akasema, "nikaseme? Nikisema, watamzika bibi."

Nikamvuta ndani kwa sikio. "Ukisema," nikamwambia, "nitakuchapa mimi mwenyewe mpaka usahau jina lako. Ulisema hukuwepo. Basi hukuwepo. Nenda shule."

Alipokwenda nikageuka, na bibi alikuwa amejiinua kitandani, amekaa wima, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa siku nyingi. Nilikuwa nimemsahau. Alikuwa amesikia kila kitu. Tulitazamana. Sasa jina lilikuwa kwa mtu anayelihitaji kuliko Masunga.

"Kumbe ni haka," akasema. "Haka kanakonunua karanga za senti, kanataka za shilingi." Akalala tena, akageukia ukutani.

Masunga alikuwa na akili. Alijua ugonjwa umefika wapi, na alijua mimi siendi kokote. Akamtuma mtu wake, jitu refu tuliloliita Ngosha, aje aongee na bibi nikiwa kisimani. Lakini nilikuwa nimerudi mapema, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko na mtungi kichwani. Nilimsikia akisema, "Bibi, kamanda anasema wewe huna kosa. Ukilijua jina, litaje, utazikwa kama mtu, na ng'ombe atachinjwa." Bibi akakohoa sana. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Nalijua." Mtungi ulitaka kuniponyoka. "Sogea nikuambie. Sogea zaidi. Lakini pua imeziba, siwezi kusema. Una ugoro?"

Ngosha akampa ugoro. Nilisikia akivuta, pua hii, na pua hii, akapiga chafya, akashukuru, "Wabeja."

"Jina, bibi."

"Ngosha, umenipa ugoro," bibi akasema. "Wewe ni mwanamume au ni mtoto?"

Nikasikia miguu yake ikirudi nyuma.

"Kama ni mwanamume, unadaiwa ng'ombe. Kimbia kabla sijapiga yowe waje wakushike." Na alianza kuvuta pumzi ya kupiga yowe, pumzi ambayo hakuwa nayo. Ngosha alipita mbele yangu nje bila kuniona. Nilipoingia, bibi alikuwa amefumba macho, ugoro kwenye mdomo wa juu. Hakuniambia tena nitaje. Hakuniambia pia kwamba nimefanya vizuri. Alisema tu, "Chimba upande wa mchongoma. Udongo pale ni laini."

Alikufa mwishoni mwa kiangazi, alfajiri, mvua haijanyesha. Hapakuwa laini popote. Udongo wetu kiangazi ni jiwe lililopasuka. Jembe linaruka linakurudia usoni. Nilichimba tangu jua linachomoza, na jua lilipokuwa juu nilikuwa nimefika magotini. Wanaume walikuwa wamekaa ng'ambo ya njia, kwenye kivuli cha godauni, wanatazama. Hawakuwa wakinicheka. Nilitamani wacheke. Masunga alikuwa katikati yao amekalia kiti chake cha miguu mitatu, na tulijua wote wawili kwamba anasubiri nimwite. Neno moja tu. Bibi yupo ndani amefunikwa khanga, nzi wameanza, na nikaanza kuhesabu moyoni mwangu ni saa ngapi zaidi naweza kuvumilia. Nasema ukweli: jina lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Ndipo watoto wakatoka shule. Mmoja alitangulia na jembe, nani, sitasema. Hakusalimia. Aliruka ndani ya shimo pembeni yangu akaanza kukwangua. Akaja mwingine, na mwingine, wengine na majembe, wengine na vigae vya kuletea moto, wakatumia hivyo kutoa udongo. Darasa la tatu zima, nadhani. Njile alikuja na mikono yake inayotetemeka. Sikuwatuma, na sikuwafukuza.

Sasa, kwetu mtoto hasogezwi kwenye kaburi. Hata msiba wa baba yake, atapelekwa kwa majirani mpaka udongo ukauke. Mtoto akiingia kwenye shimo la kaburi, ni kana kwamba amepimiwa lake. Niliona ng'ambo ya njia mwanamume mmoja anasimama. Akakaa. Akasimama tena. Masunga naye akasimama, akavuka njia akaja mpaka ukingoni.

"Minza," akasema, "ulinipeleka Bariadi nikalala na chawa kwa kufanyisha watoto kazi. Sasa hawa ni nini?"

Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Niliegemea mpini nikapumua. "Sijui ni nini," nikamwambia. "Waulize wenyewe. Lakini ukiwauliza, uwasikilize."

Aliwatazama. Watoto waliendelea kuchimba. Hata mmoja hakuinua kichwa, na Masunga, ambaye jina lake lilinyamazisha mnada wa ng'ombe, akakosa cha kuuliza. Nyuma yake nikasikia miguu. Walikuja baba wanne au watano kwa pamoja, wanakimbia, wakaruka ndani ya shimo wakawashika watoto wao kwapani wakawatupa nje kama magunia. "Toka," mmoja alimwambia wake, "toka, toka, toka." Watoto waliotupwa upande huu waliingia upande ule. Mwisho baba mmoja akaona njia ya kuwatoa ni moja tu. Akamnyang'anya mwanawe jembe akaanza kuchimba yeye. Mwingine akachukua la wake. Shimo likajaa wanaume, na watoto wakarudi nyuma mpaka kwenye mchongoma wakakaa.

"Mnavunja," Masunga akasema. "Kila mmoja anadaiwa ng'ombe."

Yule mzee aliyenong'ona kwenye dagashida, naye sasa yuko ndani ya shimo, akajibu bila kuacha kazi, "Tutozane basi, Masunga. Wa kwako yuko pale kwenye mchongoma, ana udongo mpaka masikioni."

Masunga akageuka akatazama. Kweli, mtoto wake wa mwisho alikuwa pale na kigae mkononi. Akaenda zake kwa njia ya zizini, kiti chake akakiacha pale kwenye kivuli cha godauni. Bibi alizikwa jioni, kaburi refu, la mtu aliyenyoosha miguu. Hakuna baraza lililoitwa tena. Hukumu haikufutwa, iliachwa tu, kama watu wanavyoacha njia ya zamani majani yakaota. Baada ya siku chache dukani kiberiti kikapatikana.

Majembe yalibaki kwangu, yameegemea ukuta, na wenyewe walikuja kuyachukua mmoja mmoja kadiri walivyopata nafasi. Wengi walichukua bila maneno. Baba yake Kabula alikuja asubuhi moja, mawingu yamekaa upande wa ziwa. Alilishika jembe lake, hakuondoka. Akawa anakwangua udongo wa kaburi uliogandia kwenye bapa, kwa kidole gumba, polepole, mpaka chuma kikaonekana.

"Minza," akasema, "yule mtoto aliyesema. Baba yake anajua?"

"Hajui."

Akakwangua upande wa pili. Alikuwa mtu wa sungusungu, mwenye rungu, aliyekaa kwenye baraza siku ile nikiwa nimepiga magoti. Sijui macho yangu yalimwambia nini. Niliyaelekeza kwenye mlango wa jiko.

"Basi usimwambie," akasema.

Akaliweka jembe begani akaenda kulima kabla mvua haijafika. Alikwenda peke yake. Mtoto alikuwa shuleni.